Mabua katika Udongo Wenye Ugonjwa: Somo la Darasa la Sita

Katika shule niliyoanzia kazi, maharage ya bustani yalioza mizizi mwaka hata mwaka. Niliwaambia wanafunzi kwamba mabua ya mahindi ni dawa. Tuliyafukia, tukapanda siku ileile. Miche ikatoka dhaifu, yenye majani ya manjano. Wanafunzi wakaacha kuniamini. Kosa halikuwa la mabua, bali la mafundisho yangu.

Madhumuni
Mwanafunzi aweze kueleza kwamba mabua hayaui ugonjwa, bali hulisha viumbe vidogo vya udongoni.

Maelezo kwa Mwalimu
Miongoni mwa viozeshaji vya mizizi ya maharage ni kuvu za Fusarium. Mabua yanapofukiwa, bakteria na kuvu nyingine huzaliana kwa wingi, zikashindana na zile za ugonjwa kwa chakula na nafasi. Baadhi, kama Trichoderma, huzishambulia. Lakini mabua yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, yapata sehemu 60 kwa 1, ilhali viumbe hao huhitaji kama 25 kwa 1. Upungufu huo huuziba kwa nitrojeni ya udongo, na mche mchanga hubaki na njaa.

Hatua
1. Twaa chupa tatu zenye midomo mipana na vifuniko. Ya kwanza itiwe udongo wenye unyevu. Ya pili, udongo huo na mabua yaliyokatwakatwa. Ya tatu, mchanganyiko kama wa pili uliochemshwa nusu saa, ukachujwa na kupozwa.
2. Ndani ya kila chupa weka kikombe kidogo cha maji safi ya chokaa. Funga barabara.
3. Kuanzia siku ya pili wanafunzi walinganishe. Maji ya chupa ya pili yatatangulia kuwa meupe, kwa sababu ya hewa ya kaboni dayoksaidi. Usiwape jibu, uliza, "Ni nani aliyepumua humu?"

Matumizi Bustanini
Mabua yakatwe, yachanganywe na samadi, yafukiwe wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mabaki ya maharage yaliyougua yasitumiwe, kwani yatarudisha ugonjwa. Tuta moja liachwe bila mabua, na wanafunzi wahesabu miche inayokufa katika kila tuta.

Mwalimu asiahidi kwamba ugonjwa utakwisha kwa msimu mmoja. Awafundishe wanafunzi kungoja, kuhesabu, na kuamini waliyoyaona wenyewe.