Michezo na Vijana Watokao Kifungoni

Watu wengi hudhani ya kuwa mchezo ni upuuzi wa kupoteza wakati. Wengine, walio kinyume cha hao, hudhani ya kuwa kijana mkosefu akishapewa mpira ametengenea. Makundi yote mawili yamekosea, na khabari za vijana wafungwa wa Uingereza zabainisha kosa la kila mmoja.

Katika mwaka 1902 Sir Evelyn Ruggles-Brise, mkuu wa magereza ya Uingereza, aliwatenga vijana na wafungwa wakubwa, akawaweka katika kijiji kiitwacho Borstal, jimbo la Kent. Sharia ya mwaka 1908 ikalithubutisha jambo hilo, na jina la kijiji likawa ndilo jina la nyumba zote za namna hiyo. Jina hilo lilivuka bahari: sharia ya Kenya ya mwaka 1963 iliweka kanuni za Borstal kwa vijana wa miaka 15 ambao hawajatimiza 18, kwa muda usiozidi miaka 3, na moja katika nyumba hizo ni ya Shimo la Tewa, kaskazini ya Mombasa.

Mwaka 1922 Alexander Paterson aliingia katika baraza la magereza. Alikuwa amekaa miaka mingi na watoto wa masikini wa Bermondsey, mjini London, akawajua tabia zao. Chini yake vijana waligawanywa kwa nyumba, kila nyumba na mlezi wake, na michezo ikawa ni sehemu ya malezi. Mwezi wa Mei 1930 kundi la vijana, mbele yao W. W. Llewellin, lilitoka Feltham, karibu na London, likaenda kwa miguu zaidi ya maili 100 hata Lowdham, wakajenga kwa mikono yao Borstal isiyokuwa na ukuta. Wafungwa hao walipita njia kuu mchana wakitazamwa na watu!

Zama hizo wengi wa waliotoka hawakurudi kifungoni. Baada ya vita vya 1939 hata 1945 mambo yaligeuka, na kufika miaka ya 1970 waliorudi kosani walikuwa ni wengi kuliko wasiorudi. Mwaka 1982 sharia ikaziondoa Borstal. Hapa ndipo pa kuzingatia. Viwanja havikufungwa, na mpira ulikuwa ule ule. Ni kweli kwamba vijana walioletwa siku za mwisho walikuwa wagumu zaidi. Hata hivyo, lau mpira ungekuwa dawa peke yake, usingalipoteza nguvu kwa kadiri ile.

Basi faida yake ni nini? Kijana mkosefu, aghalabu, hakuiba peke yake. Alikuwa na wenziwe, na wenziwe wamngoja nje. Aambiwapo aache wizi, huwa ameambiwa pia awaache rafiki zake wote kwa siku moja, wala hakuonyeshwa wengine wa kukaa nao. Nani awezaye hayo katika umri wa miaka 17? Jirani humkwepa, mwenye duka humtazama mikono, na barazani akifika mazungumzo hukatika. Wale wa zamani ndio peke yao wanaomkaribisha kwa furaha. Timu humpa wenzi wengine, na saa ya kutakiwa mahali, na mtu mzima mmoja atakayeuliza, “Mbona jana hukuja?” Swali hilo ni dogo, lakini kuna vijana ambao hawakupata kuulizwa na mtu yeyote.

John McAvoy ni mfano wa hayo. Alifungwa angali kijana, akatoka, akarudia ujambazi wa silaha, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa katika gereza la Lowdham Grange, lililojengwa pale pale walipofika vijana wa 1930, aliposikia ya kuwa rafiki yake amekufa katika wizi huko Uholanzi. Akaanza kupiga makasia ya mashine, na askari mmoja wa gereza akatambua ya kuwa huyu si mtu wa kawaida, akamsimamia. McAvoy alivunja rekodi akiwa mfungwa. Alipotoka mwaka 2012 alipokewa na chama cha wapiga makasia cha London. Mashine ilikuwa ya kila mfungwa. Aliyebadilisha mambo ni askari yule, kisha chama kile.

Mwaka 2018 Profesa Rosie Meek wa Royal Holloway aliitolea serikali taarifa juu ya michezo magerezani, akataka ifungamane na elimu na kazi, na isikatike mlangoni mwa gereza. Serikali iliyakubali mashauri yake yote isipokuwa moja: la kufundisha ngumi na mapigano ya namna hiyo. Khofu hiyo yafahamika, lakini mwalimu wa ngumi aliye mwema huanza kwa kumfundisha mtu kuzuia mkono wake.

Mlango huo ndio penye khatari. Uingereza wafungwa wengi walikuwa wakifunguliwa Ijumaa, afisi zinapokaribia kufungwa, wakakaa siku mbili pasina msaada. Mpaka mwaka 2023 ikatungwa sharia ya kuruhusu siku hiyo itangulizwe. Siku hizo mbili kilabu chaweza kuzijaza, kikiwa kimemjua kijana tangu yungali ndani, na jina lake limekwisha andikwa katika orodha ya mazoezi.

Katika gereza la Haverigg, ambalo ni la watu wazima, Novemba 2017 zilianzishwa mbio za parkrun, kilomita 5 kila Jumamosi, wafungwa na askari wakikimbia pamoja. Mbio hizo hizo, bila ya malipo, hufanywa asubuhi ile katika miji mingi ya Uingereza. Atokaye huzikuta kwao, wala haulizwi Jumamosi iliyopita alikimbilia wapi.