Mafunzo Niliyopata kwa Jetman na Sabreman

Nilikuwa na miaka kumi tulipohamia Leicester, Uingereza, baba alipokwenda kusoma. Kaka alinunua kompyuta ya ZX Spectrum iliyokwisha tumika, ile yenye vitufe vya mpira, pamoja na kaseti za gemu za kampuni ya Ultimate Play the Game. Gemu hizo zilitengenezwa Ashby-de-la-Zouch, mji mdogo wa mkoa uleule tuliokuwa tukiishi, na ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, ndio walioianzisha kampuni. Gemu za wengine nimezisahau. Hizi nazicheza hadi leo.

1. Nafasi finyu inatosha. Jetpac ya mwaka 1983 ilienea katika kilobaiti 16. Picha moja ya simu yangu hupita hapo zaidi ya mara mia. Jetman anaunganisha vipande vitatu vya roketi, anaijaza mafuta huku akiwafyatulia viumbe wanaomjia, kisha anaruka kwenda sayari nyingine. Ndani ya dakika moja umeshaelewa kila kitu.

2. Jicho huelewa upesi kuliko hesabu. Katika Atic Atac uhai wako ni kuku wa kuchoma pembeni mwa skrini, anayeliwa polepole mpaka ibaki mifupa. Mama hakuwahi kucheza, lakini akipita na chai alituonya: "Kuku huyo anaisha, wanangu!" Tena kila mhusika ana njia zake za siri: mchawi hupenya kwenye kabati la vitabu, askari wa deraya kwenye saa kubwa, mtwana kwenye pipa. Kaka alimchagua askari siku zote, mimi mtwana, kwa hiyo ngome ilikuwa moja na ramani zetu vichwani zilikuwa mbili.

3. Cha jasho hukitupi. Sabre Wulf iliuzwa pauni 9.95, wakati zilizotangulia zilikuwa pauni 5.50. Tulichanga sarafu wiki nyingi, na msitu wa gemu hiyo tuliutembea hadi kila kona.

4. Kuacha kitu ni sehemu ya kuchora. Hili limenikaa kuliko yote, kwa sababu leo kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba Tanga. Katika Spectrum, kila mraba wa nukta nane kwa nane ulibeba rangi mbili tu, na vitu viwili vikikutana rangi zao zilivamiana. Knight Lore, mwishoni mwa 1984, ilikipa kila chumba rangi moja juu ya weusi. Rangi zikaachwa, kina kikapatikana: chumba kinatazamwa kwa mshazari, na unaona urefu, upana na kimo kwa pamoja. Kitu ulichobeba unakiweka chini, unakipanda, unafikia kilicho juu. Usiku ukiingia Sabreman, shujaa wa gemu hii, anageuka mbwamwitu, na siku zake ni 40 tu.

Nilipofika chuoni na mwalimu akachora mchemraba wa mshazari ubaoni, mkono wangu ulikuwa unaijua mistari ile tayari.

Akina Stamper walikuja kueleza kwamba Knight Lore ilikuwa tayari kabla ya Sabre Wulf, wakaizuia isije ikaifanya nyingine ionekane imepitwa. Naheshimu sana subira hiyo.

Kaka akija Tanga tunawasha kompyuta yenye programu inayoiga Spectrum, tunafungua Atic Atac. Bado anamchukua askari wa deraya, na mimi namsubiri kwenye pipa.