Kuku Anayeatamia: Maswali na Majibu

Kuku wa kienyeji wa Pemba hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, na vifaranga huanguliwa mnamo siku ya 21. Mengi ya mayai yanayoharibika katika muda huo huharibiwa na uzushi au uzembe wa mfugaji.

Kuku akiatamia huwa moto mno. Je, ana homa, na akitumbukizwa kwenye maji baridi hupona? (Wafugaji wa Wete, Konde na Mkoani wanauliza jambo hili moja, wengine wanataja kumpitisha unyoya puani.)

Hana homa. Joto la kawaida la kuku ni takribani nyuzi 41 za Selsiasi, na mkono wa mtu hauzidi 37, kwa hiyo kila kuku mzima huhisika moto akishikwa. Anayeatamia huhisika moto zaidi kwa kuwa manyoya ya kifuani na tumboni humpukutika, au huyang'oa mwenyewe, na mishipa ya damu hujaa kwenye ngozi iliyobaki wazi ili joto liyafikie mayai. Kinachomfunga kiotani ni homoni iitwayo prolaktini, nayo hubaki juu maadamu ngozi hiyo inagusa mayai na kiota. Maji humtetemesha na kumtisha tu. Akikauka anarudi, maana kiota bado kipo. Unyoya puani ni ukatili, na anayeufundisha kuwa ni dawa anapotosha watu. Asiyetakiwa kuatamia awekwe kwenye tenga lililoinuliwa, chini kukiwa na fito tupu zisizo na nyasi, mahali penye mwanga, akiwa na chakula na maji. Hewa ikimpita tumboni siku 3 au 4, huacha. Kutaga hurudi wiki chache baadaye.

Yai lenye ncha kali hutoa jogoo?

La.

Radi huua mayai, na msumari au mkaa kiotani huyakinga?

Radi haiui yai, na msumari haukingi kitu. Wakati wa masika mayai huharibika kwa sababu banda linavuja na kiota kinalowa. Liezekwe.

Kwa nini mayai mengi hutoka viza?

Aghalabu ni kwa sababu yamekaa mno kabla ya kuatamiwa. Joto la mchana likizidi nyuzi 27 hivi, kiinitete huanza kukua polepole, kisha hufa. Mayai ya kuatamiwa yawekwe kivulini penye ubaridi, ncha ikiangalia chini, yasizidi siku 7 hadi 10, na yote awekewe kuku jioni moja. Yatiwe alama ya mkaa, kwani mitetea wengine huja kutaga humo humo. Siku ya 7 yamulikwe kwa tochi gizani: lililo hai huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama mizizi, lisilo na kitu hubaki jeupe, nalo litolewe. Bila jogoo, hakuna litakaloanguliwa.

Kuku hushinda kiotani bila kula. Alazimishwe?

Asilazimishwe. Hutoka mara moja kwa siku, akatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali, akanywa, akadonoa, akaoga vumbi, akarudi baada ya dakika 20 hivi. Chakula na maji viwe karibu. Msimu wa karafuu, nyumba nzima ikiwa shambani, kuku huyu husahaulika, na wapo wanaofia juu ya mayai. Wengine humalizwa na utitiri, wadudu wanaomnyonya damu usiku kucha. Kiota kisafishwe na kutiwa nyasi mpya kavu kabla hajaanza, na manyoya yakaguliwe.

Achanjwe lini?

Kabla ya kuatamia. Chanjo ya kideri ya tone la jicho, aina ya I-2, hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kideri kikishaingia bandani hakina tiba.