Hewa ya Nyumbani na Gesi ya Radoni

Radoni ni gesi isiyoonekana, isiyo na harufu wala ladha. Hutokana na urani iliyomo kwenye udongo na mawe, karibu kila mahali duniani. Ikitokea nje, upepo huisambaza. Ikipenya ndani kupitia nyufa za sakafu, hujikusanya, na tukiivuta, chembe zake za mionzi hunasa mapafuni. Kwa saratani ya mapafu, radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu baada ya sigara, na anayevuta sigara ndani ya nyumba yenye radoni nyingi yumo hatarini zaidi ya wote.

Nyumba za udongo

Kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale, kina udongo wenye thoriamu nyingi kuliko kawaida, na wapo waliokandika nyumba zao kwa udongo huohuo. Thoriamu huzaa thoroni, ndugu wa radoni. Radoni hupungua nusu kwa muda wa karibu siku 4, hivyo huenea chumba kizima. Thoroni hupungua nusu kwa sekunde 56 tu, hivyo nyingi hubaki karibu na ukuta ilikotoka. Kwa hiyo sogeza kitanda mbali na ukuta, cha mtoto kwanza. Piga lipu pia, maana hupunguza gesi inayotoka. Hata hivyo, mabaki ya thoroni huelea hewani kwa saa nyingi, na dawa yake ni kubadilisha hewa.

Hewa ipite

Dirisha moja halitoshi. Hewa hutaka pa kuingilia na pa kutokea, yaani madirisha ya pande mbili, au dirisha na mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Ukiondoa makuti ukaezeka mabati, usiuzibe mwanya huo. Uwekee wavu wa mbu.

Kufungua asubuhi pekee hakukulindi usiku, kwa sababu ukishafunga, gesi hurudi baada ya saa chache. Tunajua watu hufunga kwa kuogopa wezi na mbu, na hofu hiyo ni ya haki. Basi acha matundu ya hewa juu ya ukuta, yenye nondo na wavu, na mlale ndani ya chandarua. Viyoyozi vingi vya nyumbani huzungusha hewa ileile ya ndani, kwa hiyo visikufanye usahau dirisha. Nayo feni ya kutoa hewa, chumba kikiwa kimefungwa kabisa, huweza kuvuta gesi kutoka ardhini kupitia nyufa. Ziba nyufa kwanza.

Kipimo

Kifaa kidogo huachwa chumbani, vizuri zaidi kwa miezi 3 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza radoni isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo. Pasipowezekana, isipite 300.

Usingoje kipimo. Kagua leo sakafu ya chumba wanacholala watoto, uzibe kila ufa utakaouona.