Arabuni ya Mkamata Panya

JUMANNE

Soma 2 Wakorintho 1:21, 22. 5:1–5 na Waefeso 1:13, 14. Ni neno gani la sokoni analolitumia Paulo anapomtaja Roho Mtakatifu, nalo linatupa hakika gani?

______________________________________________

Kwa muda mrefu wasomi walishangaa kuona kwamba Kiyunani cha Agano Jipya hakifanani na kile cha wanafalsafa wa Athene. Wengine walidhani ni lugha ya pekee, iliyotengwa kwa ajili ya Maandiko. Kisha, katika msimu wa 1896–1897, Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, Misri. Humo walitoa maelfu ya vipande vya mafunjo: stakabadhi, mikataba, hesabu za kodi, barua za jamaa. Msomi Mjerumani, Adolf Deissmann, alionyesha kwa maandishi ya namna hii kwamba mitume waliandika kwa lugha ya watu wa kawaida.

Katika barua moja ya mwishoni mwa karne ya kwanza, Horus anamwarifu Apion kwamba amempa Lampon, mkamata panya, drakma 8 ziwe arabuni, ili awakamate panya wangali na mimba. Mkulima wa Ufipa mwenye ghala la mahindi hahitaji kufafanuliwa barua hiyo! Neno la Horus, arrabon, ndilo la Paulo. Tena lina asili moja na neno letu: Wayunani walilipata kwa wafanyabiashara wa Kisemiti, nasi tukalipata kwa Waarabu.

Arabuni ni sehemu ya bei yenyewe, nayo humfunga anayeitoa, akighairi, anaipoteza. Mnunuzi akiacha arabuni Sumbawanga, magunia huhesabiwa kuwa yake ingawa lori lake halijafika. Vivyo hivyo Mungu amejifunga kwetu. Paulo aliliandika neno hili alipokuwa akisema juu ya hema yetu ya kidunia kuharibiwa, yaani kifo. Kwa hiyo tunapomzika mpendwa wetu, na marejeo ya Bwana yakionekana kukawia, tumaini letu halitegemei jinsi tunavyojisikia siku hiyo. Linategemea kile ambacho Mungu amekwisha kutoa.

Lakini arabuni humfunga pia aliyeipokea. Mtu akipokea arabuni Jumatatu, kisha Jumatano akamwuzia mahindi yale mwingine aliyeongeza bei, amevunja neno lake, hata kama hakuna aliyemshitaki. Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Sisi nasi tumenunuliwa. Moyo uliokwisha kumpokea Roho hauko tena sokoni.

Jadilini: Ndugu katika kundi lenu amepokea arabuni ya mahindi yake, kisha bei imepanda kabla mnunuzi hajarudi, naye ana ada ya shule ya kulipa. Mtamshauri nini? Ahadi ya Mungu katika Waefeso 1:14 inabadilije namna tunavyotimiza ahadi zetu wenyewe?