Shamba Linapogeuka Kiwanja: Mambo ya Kujua Pembezoni mwa Handeni na Korogwe

Toka Chanika, katikati ya mji wa Handeni, ufuate barabara ya kuelekea Kideleko. Mbele kidogo utakuta shamba la mahindi, na katikati ya mahindi rundo la tofali za kuchoma. Jirani yake msingi wa nyumba umeshachimbwa, na mihogo iliyobaki imesimama pembeni ya mfereji ikisubiri kung'olewa. Mwakani hapo patakuwa mtaa.

Korogwe nako mji unatanuka, ila kwa namna yake. Umekaa kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, mto Pangani unapita kando, na mashamba ya mkonge yameuzunguka tangu enzi za Wajerumani. Kwa hiyo nyumba zinafuata lami, zinapanda miinuko na kushuka mabondeni. Tangu lami ya takribani kilomita 65 iunganishe miji hii miwili, ardhi ya kando ya barabara imekuwa na wateja wengi kuliko zamani.

Mji kukua ni heri. Huleta soko, shule na kazi. Lakini pembezoni mwa mji ardhi hubadilika hadhi kabla haijabadilisha mwenyewe, na asiyejua hilo huuza kwa bei ya shamba kitu ambacho mwenzake atakiuza kwa bei ya kiwanja.

Kwanza: jua uko kijijini au mjini

Wilaya ya Handeni na ya Korogwe kila moja ina halmashauri mbili: ya Mji na ya Wilaya. Uliza shamba lako liko upande gani, kwa sababu sheria zinatofautiana.

Kijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Msimamizi wa ardhi ni halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na ukitaka kumhamishia ardhi mtu asiye mkazi wa kijiji, ni lazima upate idhini ya halmashauri hiyo.

Mjini inatumika Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007. Hati hutolewa kwa muda maalumu usiozidi miaka 99. Mwenyekiti wa mtaa anawafahamu watu wake na ni shahidi mzuri, lakini hana mamlaka ya kugawa ardhi. Kazi hiyo ni ya halmashauri.

Kijiji kikigeuzwa mtaa, haki yako ya kimila haiyeyuki. Serikali ikilihitaji eneo lako kwa mradi au kwa upimaji wa viwanja, sheria inataka ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Asije mtu akakuambia, "Hapa sasa ni mji, huna chako."

Pili: usipime kwa miguu

Pembezoni mwa miji yetu watu bado wanauziana "hatua ishirini kwa ishirini". Mnunuzi anatembea, dalali anahesabu, mnapeana mikono. Sasa chukua futi kamba. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15. Kiwanja cha mita 15 kwa 15 kina mita za mraba 225. Cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Mnunuzi aliyedhani hatua ni mita amepata zaidi kidogo ya nusu ya alichokitarajia.

Muuzaji naye apige hesabu yake. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Ukishatoa barabara na maeneo ya wazi, unaweza kupata viwanja saba hivi vya mita 20 kwa 20. Ulizia kiwanja kimoja kinauzwaje mtaani kwenu, zidisha, ondoa gharama za upimaji, ndipo ukae na dalali kuongea bei ya ekari.

Tatu: kabla ya kuuza au kununua

1. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone mchoro wa mipango miji. Eneo unalopewa kama kiwanja cha makazi huenda limetengwa kwa shule, soko au barabara.
2. Zungukeni mipaka pamoja na majirani wa pande zote, na waandikwe kama mashahidi.
3. Mke na mume wakubaliane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni shamba la urithi, msimamizi wa mirathi na warithi wote washirikishwe.
4. Jihadhari na vipande vya mashamba ya mkonge. Shamba linaweza kuonekana pori na bado lina hati ya mtu au kampuni.
5. Andikeni mkataba, lipeni kwa njia yenye kumbukumbu, kisha kila mmoja ahifadhi nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne: mahali pa kutojenga

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mkazi wa Korogwe, penye mto Pangani na Lwengera, mita hizo ndizo zinazokutenga na mafuriko. Kando ya barabara kuu, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba iliyojengwa ndani yake ikivunjwa, usitegemee fidia.

Tano: kateni barabara mapema

Kaya zikiwa chache, ni rahisi majirani kukaa na kukubaliana kila mmoja aachie mita chache kwa ajili ya njia. Nyumba zikishabanana, gari la wagonjwa halipiti, la zimamoto halipiti, na bomba la maji halina pa kulazwa. Undeni kamati, mwiteni mpangamiji wa halmashauri, muombe upimaji au urasimishaji wa makazi.

Na si lazima shamba lote ligeuke nyumba. Mji unaokua unakula zaidi: mchicha, maziwa, mayai, machungwa. Mwenye ekari tatu anaweza kuuza sehemu, akaipima iliyobaki kwa jina lake na kuendelea kuilima karibu na soko.

Mgogoro ukitokea

Kijijini anzia baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Baraza la kata hupatanisha tu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi. Msipopatana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wiki hii fanya jambo moja: chukua futi kamba, uende shambani na jirani yako, muoneshane mpaka, muandike na mtie saini. Ni kazi ya asubuhi moja, na watoto wenu hawataishia barazani kugombania mpaka mliokuwa mnaujua nyinyi wawili.