Mali Bila Daftari: Siri ya Kumbukumbu ya Commodore 64

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi methali hii sikuielewa katika kipindi cha Kiswahili. Niliielewa mbele ya kompyuta, siku niliyompotezea mwenzangu kazi ya alasiri nzima. Kisa chenyewe nitakisimulia, lakini kwanza tulijue daftari.

Commodore 64 ni kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1982. Si lazima uwe nayo. Sisi twatumia programu inayoiiga katika kompyuta ya shule. Ukiiwasha, hukuambia kwamba BASIC ina baiti 38911 zilizo huru. Baiti ni kijumba kimoja cha kumbukumbu. Kila kijumba kina anwani yake, na hubeba namba kuanzia 0 hadi 255.

Chukua mfano wa duka la hapa Ntimaru. Magunia ya mahindi yako ghalani, lakini mwenye duka hakimbii ghalani kila akiulizwa jambo. Chini ya kaunta ana daftari linalomwonyesha mahindi yanaanzia wapi na kuishia wapi. BASIC nayo, yule mkalimani anayesoma amri zetu na kuzitekeleza, ina daftari lake katika anwani za chini kabisa, 0 hadi 255.

Je, kwa nini huko chini? Sababu ni mbili. Kwanza, anwani isiyozidi 255 hutoshea katika baiti moja, kwa hiyo amri huwa fupi na prosesa huimaliza upesi. Pili, prosesa hii, 6510, ikitaka kusoma kumbukumbu kwa kufuata kielekezi, yaani namba inayosema kitu kiko wapi, ni lazima kielekezi hicho kiwe huko chini. Basi nafasi hizo hugombaniwa kama viti vya matatu! Mtumiaji ameachiwa nne tu za pamoja, 251 hadi 254.

Amri ya PEEK huchungulia kijumba, na POKE hutia namba ndani yake. Kielekezi hukaa katika vijumba viwili: namba ya pili huzidishwa kwa 256, kisha huongezwa ile ya kwanza. Andika:

PRINT PEEK(43), PEEK(44)

Utapata 1 na 8. Piga hesabu: 8 × 256 + 1 = 2049. Hapo ndipo programu yako inapoanzia. Chungulia 55 na 56, utapata 0 na 160, yaani 40960, ambapo eneo la BASIC linaishia. Sasa toa: 40960 − 2049 = 38911. Kumbe ni ile namba ya mwanzoni!

Tufanye jaribio. Andika programu hii, lakini usiiendeshe:

10 PRINT "NTIMARU"
20 GOTO 10

Vijumba 45 na 46 huonyesha programu imeishia wapi. Utaona 28 na 8, yaani 2076. Chungulia pia 2049 na 2050: 17 na 8, yaani 2065, ambapo mstari wa 20 unaanzia. Ziandike namba hizo kwenye karatasi.

Sasa andika NEW, kisha LIST. Hakuna kitu! Je, imefutwa? La. Kijumba 45 sasa kina 3, na vijumba 2049 na 2050 vina sufuri. Basi, ni hayo tu. Daftari limefutwa, magunia yangali ghalani. Andika:

POKE 2049,17:POKE 2050,8:POKE 45,28:CLR

Kisha LIST. Programu imerudi yote.

Sasa kisa changu. Mwenzangu alikuwa ameandika programu ya kujumlisha alama za mtihani. Nami, nikidhani ni yangu, nikaandika NEW. Nilipotambua nilitokwa na jasho. Badala ya kumwambia, nilianza kuiandika upya haraka haraka ili asijue. Kila mstari nilioandika ulikalia mahali pa mistari yake ya zamani. Kwa hivyo si NEW iliyoiua kazi yake. Ni mimi na haraka yangu. Sisi wa kutwa saa ya kwenda nyumbani ikafika, naye akakuta vipande tu. Nilimwomba msamaha kesho yake, na jaribio hili tulilifanya pamoja.

Kwa hiyo, msomaji, ukipoteza kitu katika kompyuta, acha kuandika, sema ukweli, kisha uchungulie daftari.

Zoezi: badala ya NTIMARU andika KEHANCHA. Je, kijumba 45 kitakuwa na namba gani? Kadiria kabla ya kuchungulia.